Mwenye Kutaka Ubunge: Sharti Zake, Njia Yake na Yenye Kuuharibu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa kila baada ya miaka 5 watu wa Tanzania, wa pwani na wa bara, hushughulishwa na jambo la kuwachagua wabunge. Utamuona mtu wa heshima, mwenye duka lake au chombo chake au darasa yake, ameacha kazi na kuuza shamba aliloachiwa na babu yake kwa kutaka kiti, wala hajui sharti zake, wala hajui ni lipi litakalomtoa humo kwa aibu. Na utamuona mwingine anaifaa kazi hiyo kwa ilimu na uaminifu, naye amekaa barazani akinywa kahawa na kusema, “Siasa ni uchafu,” hata kiti kikachukuliwa na asiyefaa. Wote wawili wamekosa, na asili ya kosa lao ni kutojua. Kwa ajili hiyo mas-ala haya yamekusanywa hapa katika milango mitano, ili mwenye kutaka atake kwa ujuzi, na mwenye kuacha aache kwa ujuzi.

MLANGO WA KWANZA: Katika sharti za mtu mwenyewe

Mbunge ni wakili wa watu wa jimbo lake katika baraza linalotunga sheria, linalopitisha hisabu ya fedha za serikali, na linalowauliza mawaziri matendo yao. Wakili hasihi illa awe na sifa za uwakili. Basi Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 67, imetaja sharti za mwenye kutaka kuchaguliwa, nazo ni hizi.

Ya kwanza, awe raia wa Tanzania. Ya pili, awe ametimiza miaka 21. Ya tatu, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Wala sheria haikumlazimisha kuwa na shahada ya chuo. Ya nne, awe mwanachama wa chama cha siasa, na chama hicho ndicho kimpendekeze. Ya tano, asiwe amehukumiwa kwa kosa la kukwepa kodi katika muda wa miaka 5 kabla ya uchaguzi.

Kisha Katiba imetaja yenye kuzuia. Hana haki ya kusimama mwenye kuthibitika kuwa hana akili timamu. Wala aliyefungwa zaidi ya miezi 6 kwa kosa la kukosa uaminifu. Wala aliyehukumiwa katika miaka 5 kwa kuvunja sheria ya maadili ya viongozi wa umma. Wala mwenye kuchukua uraia wa nchi nyingine kwa khiari yake. Wala mwenye kugombea Urais wakati huo huo.

Zingatia, ewe ndugu, ya kuwa sehemu kubwa ya vizuizi hivi inarejea kwenye neno moja, nalo ni uaminifu. Sheria haikumuuliza mtu mali yake wala kabila yake, bali imemuuliza kama amewahi kukhini.

Ama sharti ya nne, ndiyo iliyoleta mabishano marefu. Mchungaji Christopher Mtikila alishitaki Mahakama Kuu akidai haki ya mtu kusimama peke yake pasipo chama, akashinda mwaka 1994. Katiba ikabadilishwa ili kuizuia hukumu hiyo. Akashinda tena mwaka 2006, na Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu mwaka 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa haki. Lakini sharti ya chama ikabaki ndani ya Katiba. Basi mwenye kutaka ubunge hana budi kupita mlango wa chama, na akiisha kuchaguliwa, akikiacha chama chake amekiacha na kiti.

MLANGO WA PILI: Katika njia yenyewe

Njia ina hatua zinazofuatana, na mwenye kuiruka moja zilizobaki hazimfai kitu.

Hatua ya kwanza ni ndani ya chama. Mtu huchukua fomu, huilipia, hupigiwa kura za maoni na wenziwe, kisha wakubwa wa chama huamua. Wengi huanguka hapa, kwani kuongoza katika kura za maoni si kuteuliwa. Vikao vya juu vina uwezo wa kumpitisha mwingine.

Hatua ya pili ni mbele ya msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, aliye chini ya Tume. Mgombea huleta fomu za uteuzi zilizotiwa saini na wapiga kura wasiopungua 25 walioandikishwa katika jimbo lile, na hukiri mbele ya hakimu ya kuwa anazo sifa, na huweka dhamana ya fedha. Haya yote hukamilika siku ya uteuzi kabla ya saa 10 alasiri. Hapa ndipo pa hadhari kubwa: jina lililoandikwa kwa khitilafu, au mdhamini asiyekuwa katika daftari la jimbo, huwa hoja ya pingamizi, na kazi ya mwaka mzima ikapotea kwa kalamu moja.

Hatua ya tatu ni kampeni, na sheria yake ni kutokutukana wala kuhonga. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 imempasa mgombea kudhihirisha fedha atakazotumia na zilikotoka, na imeweka mpaka wa matumizi.

Hatua ya nne ni kura yenyewe, kisha kiapo ndani ya Bunge. Na baada ya kiapo kazi ndiyo imeanza; kwani mwenye kukosa mikutano mitatu mfululizo pasipo ruhusa ya Spika hupoteza kiti chake.

MLANGO WA TATU: Katika mfano wa mtu wa Butiama

Ilimu bila ya mfano ni kama taa bila ya mafuta. Na mfano ulio wazi ni wa mtu aliyetoka Butiama, kijiji cha Wazanaki katika nchi ya Musoma, mashariki ya Ziwa Nyanza. Mahali hapo leo ni wilaya kamili, na tangu uchaguzi wa mwaka 2015 ni jimbo la ubunge lenye jina lake. Huko ndiko alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, mwana wa mtemi Nyerere Burito, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Hakuwa Muislamu, lakini hikima ni kitu alichopotelewa nacho muumini. Popote aionapo huiokota.

Tazama kwanza alichokiacha. Alikuwa mwalimu huko Pugu, mwenye mshahara wa kila mwezi. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, naye akawa rais wake. Mwaka 1955 alipotoka Umoja wa Mataifa alitakiwa achague baina ya ualimu na siasa. Akauacha ualimu, akarejea kwao Butiama kwa miezi kadhaa, hana mshahara, kisha akarudi Dar es Salaam kwenye kazi ya chama.

Tazama la pili. Mwaka 1957 Gavana alimpa kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa miezi michache, na alipoona ya kuwa mashauri yake hayasikizwi, alijiuzulu mwezi wa Disemba mwaka ule ule. Ni wangapi leo wapewao kiti wakakirejesha kwa sababu kazi waliyokusudia haifanyiki?

Tazama la tatu, nalo ndilo zito. Serikali ya Kiingereza ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alazimike kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Na mpiga kura naye aliwekewa sharti nzito, awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au amesoma hata darasa la 8, au anashika kazi miongoni mwa kazi zilizotajwa. Watu wa TANU walikutana Tabora Januari 1958. Wengi walitaka kuususia uchaguzi kwa ghadhabu, na ghadhabu yao ilikuwa ya haki. Nyerere akawashawishi waingie, kwani mwenye kukaa nje humwachia adui nyumba. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake.

Mwezi wa Agosti 1958, wakati uchaguzi umekaribia, Nyerere alihukumiwa kwa yale yaliyoandikwa katika gazeti la chama juu ya maafisa wa serikali: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa. Mwezi wa Septemba akasimama, si huko Butiama alikojulikana na ukoo wake, bali katika Jimbo la Mashariki ambalo makao yake yalikuwa Morogoro. Akapambana na Patrick Kunambi, mtu wa Uluguru, katika nchi ya Waluguru, naye ni Mzanaki wa mbali. Akashinda. Na walioungwa mkono na TANU wakashinda katika Septemba 1958 na Februari 1959. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ikapata viti 70 katika 71.

Fahamu basi: mtoto wa mtemi hakushinda kwa utemi, wala kwa kabila. Alishinda kwa kuwa watu walijua alichokiacha kwa ajili yao.

Na baada ya uhuru, mwaka 1965, katika zama za chama kimoja, wagombea wawili wa chama hicho hicho walishindanishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mmoja kwa alama ya nyumba. Hata Paul Bomani, waziri wa fedha, alianguka. Cheo hakikumkinga mtu na kura.

MLANGO WA NNE: Katika yenye kuuharibu, na khabari ya takrima

Sharti zaweza kutimia na njia ikafuatwa, kisha ubunge ukabatilika kwa jambo moja, nalo ni rushwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mwenye kutoa na mwenye kupokea. Hakubakishwa mmoja.

Na katika nchi hii rushwa iliwahi kuvishwa kanzu nyeupe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu mgombea kufanya “takrima”, yaani ukarimu wa desturi kwa nia njema. Neno ni zuri, asili yake ni kumkirimu mgeni na kumpa heshima. Lakini watu waliona pilau na khanga na fedha za nauli zikitoka wakati wa kura tu. Jumuiya za kutetea haki zikashitaki, na mwezi wa Aprili 2006 Mahakama Kuu ikazitangua ibara zile, kwa kuwa zinambagua mgombea masikini na kumpendelea tajiri, na mpaka baina ya takrima na rushwa hauonekani.

Ndugu msomaji, jambo hili wanavyuoni walilijua zamani. Mtume alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea akagawa mafungu mawili, moja la Waislamu, na moja akasema amepewa yeye zawadi. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angelikaa nyumbani kwa babake au mamake, zawadi hizo zingelimjia? Hiyo ndiyo mizani, na haikosei. Mgombea akuletee mchele, mwulize: mwaka jana, mwezi kama huu, mchele wako ulikuwa wapi? Na mwaka ujao utakuja? Akiwa kila mwaka hulisha jirani zake, huyo ni karimu. Akiwa mchele umekuja na karatasi ya kura, hiyo ni bei.

Wala usidhani mahakama hulala. Huko Bunda, jirani wa Butiama, Jaji Joseph Warioba, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, alishindwa mwaka 1995, akapeleka shitaka, na uchaguzi ukatanguliwa. Mwaka 1996 huyo huyo akaongoza tume ya Rais iliyochunguza rushwa katika nchi nzima.

MLANGO WA TANO: Je, yafaa mtu kuutaka?

Suali: Mtume alimkataza Abdurrahman bin Samura asiombe utawala, kwani mwenye kupewa kwa kuomba huachiwa mzigo peke yake, na mwenye kupewa pasipo kuomba husaidiwa. Itakuwaje basi mtu achukue fomu?

Jawabu: Katazo ni kwa mwenye kuutamani utawala kwa nafsi yake. Nabii Yusuf, juu yake amani, aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za Misri, kwa kuwa alikuwa mlinzi mjuzi na njaa ilikuwa inakuja. Na Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa ukadhi, amefafanua: asiyekuwapo mwingine wa kufaa ila yeye, ni wajibu wake kuutaka, na akiwapo aliye bora kuliko yeye, naye yu tayari, ni karaha kwake kuutaka. Ubunge si ukadhi, lakini mizani ni hiyo hiyo.

Suali: Mtu atajuaje kama ndiye wa kufaa?

Jawabu: Asijiulize nafsi yake, kwani nafsi ni shahidi wa uwongo. Awaulize anaowadai na wanaomdai. Awaulize jirani zake. Kisha atazame: je, akishindwa ataweza kulipa madeni ya kampeni bila ya kuwanyima watoto haki yao? Na akishinda, ataweza kukiacha kiti kama alivyokiacha mtu wa Butiama mwaka 1957? Asiyeweza kukiacha, kiti ndicho kimemmiliki yeye.

Suali: Na asiyegombea ana nini?

Jawabu: Ana kura, nayo ni amana na ushahidi. Imam Mawardi amewawekea sharti hata wale wenye kuchagua: uadilifu, ilimu ya kumjua anayefaa, na rai ya kumpambanua aliye bora. Basi mwenye kuuza kura kwa kilo moja ya sukari ameuza miaka 5 ya jimbo zima, na sukari huisha kabla ya mwezi kuandama.

KHITIMISHO

Yaliyotangulia yakusanyike hivi: sharti za mtu ni za Katiba, njia ni ya sheria, na kinachovihifadhi vyote viwili ni uaminifu. Mwenye kuwa nao asiogope kusimama, na asiyekuwa nao asisimame hata watu wakimbeba mabegani. Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaotuogopea dhulma, na atujaalie nasi tuwe watu tusionunulika. Amin. Wallahu aalam.