SOYA IPIKWE KWANZA, NDIPO ISAGWE



Wewe ukaaye Mbezi Beach na kufuga kuku nyuma ya nyumba, huenda umekwisha kununua soya na kuisaga mbichi ili uchanganye na pumba. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya, nikijiona mwerevu kwa kuokoa kuni, nikapata vifaranga waliokula wakashiba lakini hawakukua.

Sababu yake ni hii. Protini, chakula cha kujenga mwili, haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande vidogo. Mkataji mmoja mkubwa ni kimeng'enya kiitwacho tripsini, kitokacho katika kongosho na kufanya kazi utumboni. Basi ndani ya soya mbichi mna protini nyingine ambayo huikamata tripsini na kuifunga, mfano wa kijiti kilichokwama katika tundu la kufuli. Hapo kongosho hutoa tripsini zaidi na zaidi, hata katika kifaranga huvimba; na kwa kuwa tripsini yenyewe ni protini, nyingi hupotea pamoja na mavi. Mnyama hupata hasara mara mbili.

Mwaka 1917 Osborne na Mendel, wataalamu wa Marekani, waliwalisha panya soya mbichi, wasikue. Wakawalisha iliyopikwa, wakakua. Mwaka 1945 Kunitz alikitenga kizuizi hicho kikawa fuwele.

Wala usidhani kwamba vizuizi vyote ni adui. Ini la mtu hutengeneza vyake na kuvitia katika damu: kimoja huzuia damu isigande ovyo, na kingine hulinda mapafu yasiharibiwe na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu.

Kunde na choroko nazo zina vizuizi, ila sisi huzichemsha siku zote. Soya ndiyo hutuponyoka, kwa sababu huenda kinuni ikiwa mbichi. Iloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha ichemshe katika maji mapya dakika 30 tangu yaanze kutokota. Anika hata ikauke kabisa, ndipo usage. Jua peke yake halitoshi, maana kuanika si kupika. Wala usiikaange hata iungue, kwani moto mkali mno huharibu protini unayoitaka.

Na ukinunua unga wa uji wa mtoto wenye soya, muulize muuzaji kama soya ilipikwa kabla ya kusagwa. Asipojua, nunua soya yako, uipike mwenyewe.