"Huenda" ni Kiasi Gani? Lugha na Mizani ya Hofu

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba neno huenda, lisipopimwa, laweza kuzaa hofu isiyo na msingi au uzembe wenye kuua.

Mnamo Februari 2025, nikiwa nyumbani Bura, mzee jirani alisikia redioni kuwa jiwe kutoka angani huenda likaigonga dunia. Akaniuliza, "Mwanangu, tuhofu?" Jiwe hilo, asteroidi 2024 YR4, liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024. Upana wake ni takriban mita 60: lingeweza kuharibu mji, si kuiangamiza dunia. Tarehe 18 Februari 2025, NASA ilikadiria uwezekano wa jiwe hilo kutugonga mwaka 2032 kuwa asilimia 3.1, yaani takriban mara 1 kati ya 32. Kabla ya mwezi kwisha, uwezekano huo uliporomoka hadi karibu sufuri.

Je, wanaastronomia walikosea? La hasha. Mwanzoni, njia ya jiwe hukadiriwa kama ukanda mpana. Vipimo vinapoongezeka, ukanda husinyaa. Maadamu dunia ingali ndani yake, asilimia hupanda. Dunia ikiachwa nje, asilimia huanguka. Kupanda kwa tarakimu, basi, si ushahidi kwamba jiwe limetulenga.

Ni kweli kwamba mawe huanguka. Huko Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, kipande kidogo cha kimondo kilimpiga mvulana kichwani bila kumdhuru.

Sasa tulinganishe na Mto Tana. Tangazo la mvua nalo husema, "Huenda mto ukafurika." Neno ni lile lile, uzito ni mbali mno. Mafuriko ya 1997, 2023 na 2024 yaliwahamisha watu wetu. Aprili 2024 mashua ilizama Kona Punda, karibu na Madogo, na roho zikapotea.

Kwa hiyo, kila huenda iulizwe maswali matatu: Uwezekano ni kiasi gani? Madhara ni yapi? Nasi tunaweza kufanya nini, na kwa muda gani? Mfasiri wa habari asiyetoa tarakimu humnyima msikilizaji mizani.

Nilimjibu mzee: "Jiwe tuwaachie wenye darubini, Baba. Likija onyo la mto, tusingoje maji mlangoni."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema ghala lake la mahindi bado liko bondeni. Kesho yake tulianza kulihamisha.