Intaneti Ilivyoanza Kumsikiliza Mkulima: Somo Kutoka Njia ya Misafara

Msimu unakaribia na simu zimeanza kujaa: mbegu ipi, mvua zitaanza lini, bei ya karanga ikoje. Kabla hatujaingia kwenye mbegu, leo tujifunze kidogo chombo chenyewe mnachotumia kuniuliza. Mkulima makini anaijua pampu yake, anajua nozeli inatoa maji kiasi gani. Lakini simu, ambayo siku hizi inaamua hela yetu iende wapi, wengi tunaitumia tu bila kujua inafanyaje kazi. Nimeona watu wakipoteza mtaji kwa sababu hiyo, na mara moja mimi mwenyewe nilichangia. Kisa hicho nitakisimulia chini.

Ramani ya ziwa moja

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1850, wamisionari Rebmann na Erhardt waliokuwa pwani walichora ramani ya bara kwa kusikiliza maneno ya wasafiri. Kila mmoja aliwaambia kuna maji makubwa huko ndani. Wao wakaunganisha maneno yote wakachora ziwa moja kubwa mno, refu kama gunia lililolala. Ramani ikachapishwa, ikasomwa Ulaya, ikaaminiwa.

Novemba 1857 Burton na Speke wakafika Kazeh, yaani Tabora yetu hii. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Snay bin Amir, aliwaambia jambo tofauti: siyo ziwa moja, ni maziwa mbalimbali, na lile la kaskazini ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Alijuaje? Tabora ilikuwa njia panda. Misafara ya Bagamoyo, ya Ujiji na ya Karagwe ilikutana hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameyakanyaga maeneo hayo kwa miguu yao. Hata hivyo Speke hakuishia kusikiliza. Julai 1858 alitoka Tabora kwenda kaskazini, na Agosti 3 akayaona maji ya Nyanza kwa macho yake.

Siisifii biashara yote ya njia ile, maana ilibeba pembe na ilibeba pia watumwa. Ninachotaka mkishike ni hatua tatu: tetesi za mbali zilileta kosa, maneno ya waliofika yakalirekebisha, mtu akaenda kuona mwenyewe. Shikeni hizo tatu, tutazirudia.

Intaneti ya ubao wa matangazo

Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva, alipendekeza mfumo wa kurasa zinazounganishwa kupitia kompyuta. Mwaka 1991 ukaanza kutumika nje ya kituo hicho, na mwaka 1993 CERN ikauachia dunia nzima bure. Ndio wavuti tunaotumia mpaka leo.

Lakini kurasa za mwanzo zilikuwa kama ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Mwenye funguo anabandika karatasi, wewe unasimama unasoma, unaondoka. Ukiona kosa, huna pa kuandika. Mwandishi mmoja, wasomaji maelfu.

Sisi maafisa ugani tulifundishwa vivyo hivyo zamani. Mtaalamu anapeleka ujumbe kwa afisa, afisa anaupeleka kwa mkulima, basi. Redio nayo ilisema, watu wakasikiliza. Ila kulikuwa na jambo zuri: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya Watanzania takribani milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, kikundi kilijadili na kupanga la kufanya, mfano kuchimba vyoo. Redio ilikuwa ya upande mmoja, lakini kikundi kiliipa upande wa pili. Shamba darasa limefuata njia hiyo hiyo: mkulima haambiwi tu, anaangalia, anapima, anabishana, anaamua.

Ubao ukageuka daftari

Nini kilibadilika kwenye intaneti? Fikiria daftari la mapokezi la AMCOS. Kila mkulima akileta mzigo, jina linaandikwa na kilo zinaandikwa, na ukitaka jumla inatolewa kutoka humo. Kurasa mpya zilianza kufanya kazi kama daftari hilo. Nyuma ya ukurasa kuna hazina ya taarifa, na chochote unachoandika, picha unayotuma, hata kidole gumba unachobonyeza, kinaingia humo. Mwingine akifungua, ukurasa unajengwa upya kutokana na vile watu walivyoweka. Msomaji akawa mwandishi.

Wikipedia ilianza mwaka 2001 kwa wazo hilo, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Facebook ikaja mwaka 2004, YouTube mwaka 2005. Mwisho wa mwaka 2006 jarida la Time la Marekani likamtaja mtu wa mwaka kuwa ni "Wewe", maana yake mtumiaji wa kawaida anayejaza mtandao kwa mikono yake.

Afrika Mashariki hatukubaki nyuma. Mwaka 2006 vijana wa Kitanzania walianzisha mahali pa kujadiliana mtandaoni ambapo leo panaitwa JamiiForums. Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipotokea Kenya, wataalamu wachache wakatengeneza Ushahidi: mwananchi anatuma taarifa ya alichokiona, inawekwa kwenye ramani. Jina lenyewe ni la Kiswahili na mfumo ukaja kutumika nchi nyingi duniani. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ukaanza kazi na kufika Dar es Salaam, tukaanza kuondoka kwenye utegemezi wa setilaiti. Mwaka huo huo WhatsApp ikazaliwa. Bando likashuka bei, simu janja zikaingia vijijini, na grupu la wakulima likawezekana.

Hata mwenye kitochi hakusahaulika. Kuanzia mwaka 2015 huduma ya Wefarm iliyoanzia Kenya ilimruhusu mkulima kuuliza swali kwa meseji ya kawaida, likapelekwa kwa wakulima wengine, nao wakajibu. Mkulima anamfundisha mkulima bila kuonana.

Kisa cha mahindi ya manjano

Sasa kisa changu. Kijana mmoja mwenye ekari mbili za mahindi alituma picha kwenye grupu letu: jani limegeuka manjano. Ndani ya dakika chache mtu akaandika, "Huo ni ugonjwa, piga dawa ya ukungu," akataja na jina la dawa. Vidole gumba vikamwagika. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki, nikasimama chini ya mti, nikatazama ile picha ndogo, nikaandika, "Inawezekana, wahi." Nikawasha pikipiki nikaondoka.

Jioni mama mmoja mkulima wa siku nyingi, ambaye kwenye grupu huwa haongei, akauliza maswali matatu: "Mwanangu, ni majani ya chini au ya juu? Manjano imeanzia pembeni au katikati ya jani? Ulikuzia lini?"

Kijana akajibu: ya chini. Imeanzia kwenye ncha ikarudi katikati kama herufi V. Kukuzia, bado, alikuwa anasubiri hela.

Nilipoyasoma majibu yale nilijisikia vibaya. Hiyo ni dalili ya kitabuni ya upungufu wa naitrojeni. Mmea unahamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda majani machanga, ndiyo maana manjano huanzia chini. Udongo wetu mwingi huku ni wa kichanga, na mvua kubwa huisukuma naitrojeni chini ikapita mizizi. Nikampigia simu. Kumbe asubuhi ile ile alikuwa ameshanunua dawa, kwa hela aliyokuwa ameiweka ya mbolea ya kukuzia.

Tulihangaika. Alikopa kwa shemeji yake, akapata urea ya kutosha ekari moja. Ekari ya pili ilikaa hivyo hivyo mpaka mahindi yakatoa mbelewele. Siku ya kuvuna sikuhitaji mzani, ukisimama kwenye mpaka wa ekari zile mbili unaona. Nilimwomba radhi mbele ya grupu lote, kwa sababu kosa nililifanya mbele ya grupu lote.

Wengi si lazima wawe sahihi

Elewa kitu kimoja kuhusu hili daftari la wote. Mitandao mingi hupanga kipi kionekane juu kwa kuangalia watu wamebonyeza nini, wametazama nini, wamesambaza nini. Kinachosisimua kinapanda. Kilicho kweli kinaweza kubaki chini, kama swali la yule mama. Ndiyo maana ile hesabu ya tikiti maji ya "ekari moja, mamilioni kwa siku sabini" inazunguka kila mwaka, na aliyepata hasara haposti. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote cha kusambaza ujumbe mmoja kwa watu au magrupu matano kwa mpigo, ili kupunguza kasi ya uvumi. Kasi imepungua, lakini uvumi haujaisha.

Upande wa pili ni kwamba picha nzuri za wengi ni mali. Programu ya PlantVillage Nuru inatambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, hata pasipo mtandao. Kompyuta ilifundishwa kwa picha nyingi za majani ya muhogo, na picha za mwanzo zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA karibu na Bagamoyo, pale pale misafara ilipoanzia. Yaani jani lililopigwa picha pwani linaweza kumsaidia mkulima wa Kaliua kutambua batobato.

Zoezi la wiki hii

Turudi kwenye hatua zetu tatu.

1. Tetesi. Ukisoma ushauri wowote, jiulize: huyu amelima hiki? Wapi? Msimu upi? Kama hakuna jibu, hiyo ni ramani ya ziwa moja. Usitoe hela.

2. Waliofika. Ukiuliza, uliza vizuri. Tuma picha tatu: shamba lote, mmea mzima, na sehemu yenye tatizo kwa karibu. Andika tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, mbolea uliyoweka na lini, mvua ilivyokuwa, na dawa yoyote uliyopiga. Na ukijibu mwenzako, anza kwa kuuliza kama yule mama. Kama hujui, nyamaza au mwite anayejua.

3. Kaone. Kabla ya kununua, ingia shambani, kagua mimea sehemu tano tofauti, fukua mzizi, pasua bua. Dawa iwe imesajiliwa na TPHPA, mbegu iwe na lebo ya TOSCI, na risiti uitunze. Muuzaji anayetaka utume hela kwanza halafu hataki kuonana, achana naye.

Na la nne naliongeza mimi: rudisha habari. Msafara uliokwenda Ujiji ulirudi Tabora na maneno ya kule, ndiyo maana mji huu ulijua mambo. Ukifanikiwa sema, ukipata hasara sema pia. Grupu ambalo watu wanaposti mavuno tu linawadanganya wanaoanza.

Yule kijana bado tuko naye. Msimu uliopita mtu alituma picha ya mahindi ya manjano, na kabla sijafungua simu alikuwa ameshaandika: "Majani ya chini au ya juu?"

Nitumieni picha zenu tatu tatu. Safari hii nitasimamisha pikipiki, nitauliza kwanza. Kazi njema.