Shamba Ni la Nani? Somo Juu ya Elimu ya Mikono



Mtu akimwona mtoto ameshika jembe nyuma ya darasa saa za alasiri, hudhani mara moja kwamba ama mtoto huyo ameadhibiwa, ama mwalimu wake ana shamba. Dhana hiyo haikuzuka bure. Katika shule nyingi za kwetu jembe limekuwa fimbo ya pili: aliyechelewa hulima, aliyepiga kelele hulima, na mahindi yakikomaa huonekana jikoni kwa mtu mwingine. Kisha twashangaa kwamba kijana akimaliza masomo hulikimbia jembe kama mfungwa akimbiavyo gereza.

Je, kazi ya mikono nje ya darasa yaweza kuwa elimu ya kweli? Naam, yaweza, lakini iko sharti moja ambalo watu wengi hulisahau, nalo laonekana wazi katika historia ya vyama vya watoto viitwavyo 4-H huko Marekani. Vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa kielelezo cha vyama vya 4-K nchini Kenya.

Mwaka 1902, katika mji wa Springfield, jimbo la Ohio, msimamizi wa shule aitwaye A. B. Graham aliwakusanya wavulana na wasichana wa mashambani katika chumba cha chini cha jengo la mahakama. Hakuwakusanya ili awasomee kitabu. Aliwapa mbegu bora za mahindi wakapande kwao, na karatasi ndogo za bluu za kupimia udongo. Karatasi hiyo ikigusa udongo wenye asidi nyingi hugeuka nyekundu. Hebu fikiri: mtoto anarudi nyumbani, anachota udongo wa shamba la baba yake, naye ndiye anayejua kwa nini shamba halizai.

Miaka ileile, mzee mmoja, Seaman Knapp, alikuwa akihangaika na wakulima wa majimbo ya Kusini, ambako mdudu aharibuye vitumba vya pamba alikuwa akiwafilisi watu. Mwaka 1903 alianzisha shamba la mfano huko Terrell, Texas, lakini shamba hilo hakulilima yeye wala serikali. Lililimwa na mkulima mwenyewe, juu ya ardhi yake mwenyewe. Knapp alishika kwamba mtu aweza kuyashuku aliyoyasikia, na hata aliyoyaona, lakini aliyoyatenda kwa mkono wake hana njia ya kuyakana. Na pale akina baba walipokaidi, aliwageukia wana wao. Vyama vya mahindi vya wavulana vikaenea, kila mvulana akilima eka moja.

Mwaka 1910 mmoja wa wavulana hao, Jerry Moore wa South Carolina, alivuna busheli 228 katika eka yake, yaani yapata magunia 64 ya kilo 90. Wakati huo wakulima wengi wa jimbo lake hawakufikia magunia 9 kwa eka. Mwaka uohuo, katika jimbo hilohilo, mwalimu wa kike aitwaye Marie Cromer alianzisha chama cha wasichana. Kila msichana alipanda nyanya katika sehemu ya kumi ya eka, akazihifadhi katika makopo, akauza. Fedha zilikuwa zake. Mimi naona jambo hili la wasichana kuwa kubwa kuliko yale magunia, kwani msichana wa shamba wa siku zile hakuzoea kushika senti aliyoichuma mwenyewe.

Yafaa pia ijulikane kwamba neema hiyo haikugawanywa kwa haki. Watoto weusi walitengwa katika vyama vyao, na misaada waliyopata ilikuwa haba. Hata hivyo wapo waliojitahidi. Mwaka 1906 chuo cha Tuskegee, Alabama, kilitoa gari la kukokotwa na wanyama, lililopakiwa vifaa vya kilimo, mbegu na chombo cha kutengenezea siagi. Thomas Campbell, bwana shamba wa kwanza mweusi wa serikali ya Marekani, akazunguka nalo vijijini. Kutengwa huko kulianza kuondoshwa baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Basi, ndugu msomaji, sharti lenyewe ni lipi? Ni kwamba mtoto awe mwenye kitu. Kitalu kiwe chake, daftari la hesabu liwe lake, mavuno yawe yake, na hasara pia iwe yake. Herufi nne za 4-H ni za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Anayemtuma mtoto kulima shamba la mkubwa ameitumia mikono peke yake.

Huenda mtu akauliza: mtoto akiachiwa kitalu naye akakipuuza, mbegu hazitapotea? Zitapotea, na katika daftari lake ataandika sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu mwenye kumwonea huruma mtoto hata akampalilia usiku amemnyang'anya somo. Wewe uliyejifunza sala ukubwani wajua jambo hili vyema: maelezo ya kitabuni yalikusaidia kidogo, lakini rukuu uliijua siku uliposimama safuni na kuinama wewe mwenyewe, wala hapana aliyeweza kuinama kwa niaba yako.

Kenya ilianzisha vyama vya 4-K mwaka 1962, jina likiwa na maana ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Baadaye vilififia, na mwaka 2021 serikali ilivizindua upya mashuleni. Anayetaka kujua kama chama cha shule iliyo jirani naye ni hai, asihesabu matuta. Amwulize mtoto mmoja: tuta lako ni lipi, na uliuza nini?

Wala si lazima kungoja serikali. Watoto kumi, kamba ya kupimia, mbegu za sukuma wiki au mchicha na daftari kumi zatosha kuanzia katika kiwanja cha mtaa. Mchicha hukomaa katika majuma machache, na mtoto hachoki kungoja. Kila mmoja apigiwe kigingi chenye jina lake. Aandike tarehe aliyopanda, maji aliyotia, wadudu aliowaona na bei aliyouzia. Siku ya mavuno waalikwe wazazi, na mzazi akiuliza kwa nini tuta hili limenawiri na lile limedhoofu, mwalimu anyamaze, mtoto ajibu.