Baba Anataka Kidato cha Tano, Mtoto Anataka VETA

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu amepata daraja la pili kidato cha nne, kapangiwa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Hataki, anataka kusomea umeme kwenye chuo cha ufundi cha VETA. Baba yake anasema hiyo ni aibu. Mimi nimechanganyikiwa, maana kaka yake ana digrii na bado anatembeza bahasha. Shule hizi zina faida gani? – Mama Kulwa, Morogoro*

Marahaba, Mama Kulwa.

Kwanza, muache huyo kaka mtu nje ya mjadala. Kila ukimtaja, unamwambia mumeo kwamba ada aliyolipa imepotea, na unamwambia huyo kaka kwamba yeye ndiye hasara yenyewe. Nani atakusikiliza hapo? Tena kukosa ajira hakuchagui: hata fundi asiye na wateja hushinda kijiweni.

Mumeo mweleze hivi: VETA nayo ni shule. Ina ngazi tatu za cheti, na aliyemaliza akiwa na sifa anaweza kuendelea na stashahada, hata shahada, kwenye vyuo kama DIT au MUST. Na Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeuweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla. Aibu iko wapi?

Lakini nawe usidanganyike. Kama kijana ana ndoto ya uhandisi, PCM ndiyo njia fupi, na kwa daraja lake nafasi anayo. Akiiachia leo, kuirudia si rahisi.

Kwa hiyo mpimeni kabla ya Julai, wenzake hawajaripoti. Mtafutieni mkandarasi wa umeme mwenye leseni, amfuate wiki mbili tatu. Abebe ngazi, atindue ukuta kwa nyundo na patasi, apitishe mabomba, vumbi limjae masikioni. Akirudi jioni, msikilizeni anazungumzia nini. Akisimulia hela tu, bado hajaijua kazi. Akianza kuuliza kwa nini taa zinawekewa waya mwembamba na jiko waya mnene, mwambieni majibu yako kwenye fizikia, kisha mwulizeni tena kuhusu PCM. Akisema bado anataka VETA, basi ameamua akiwa anajua anachokiacha.

Jambo moja msikubali: kujishikiza kwa fundi wa mtaani bila cheti. Leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nao wanataka vyeti. Asiye nayo atafanya kazi miaka yote, muhuri agonge mwingine mwenye leseni, na hela kubwa achukue huyo mwenye muhuri.

Kozi ndefu za VETA kwa kawaida huanza Januari, kwa hiyo mkikubaliana, miezi ya katikati aendelee na yule mkandarasi, asikae bure. Na siku ya kuripoti chuoni, ampeleke baba yake.