Wakusanyaji wa Trigan Empire Wanabishana Nini Hasa? Somo Dogo la Kujibu Swali la "Jadili"

Swali la mtihani likianza na neno "jadili", wengi wetu tuna fomula moja tu. Aya mbili za wanaokubali, aya mbili za wanaopinga, halafu hitimisho: "kwa ujumla pande zote mbili zina ukweli." Tunakabidhi karatasi tukiwa na amani. Matokeo yakitoka tunaanza kumlaumu mhadhiri.

Lakini tuwe wakweli jamani. Hitimisho la namna ile linaonyesha kwamba tumeorodhesha maoni, hatujayapima. Watu wawili wanaweza kutofautiana kwa sababu mmoja hajui ukweli fulani, au kwa sababu kila mmoja anatumia kipimo chake, au kwa sababu wanazungumzia vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Hayo ni magonjwa matatu, na huwezi kuyatibu kwa kidonge kimoja.

Kwa somo hili nimechagua mfano ulio mbali na siasa na dini zetu, ili tuupasue bila mtu kukasirika. Ni katuni ya zamani ya Uingereza iitwayo The Trigan Empire, pamoja na wakusanyaji wake, ambao hadi leo hawajaelewana kuihusu.

KATUNI YENYEWE

Hadithi hii ilianza Septemba 1965 katika jarida la watoto lililoitwa Ranger. Jina lake kamili lilikuwa The Rise and Fall of the Trigan Empire, yaani kuinuka na kuanguka kwa himaya ya Trigan. Ranger halikudumu. Mwaka 1966 lilimezwa na Look and Learn, jarida la elimu lililokuwa likitoka kila wiki tangu Januari 1962. Huko katuni ikaishi mpaka jarida lenyewe lilipofungwa, Aprili 1982.

Mwandishi aliyeianzisha ni Mike Butterworth. Mchoraji ni Don Lawrence, aliyezaliwa 1928 na kufariki Desemba 2003. Hadithi inaanza na chombo cha angani kinachoanguka kwenye vinamasi vya Florida. Ndani kuna maiti za watu wakubwa kupita kiasi, na vitabu vya lugha isiyojulikana. Msomi mmoja anautumia ujana wake wote kuvitafsiri, na anafaulu akiwa mzee. Vitabu vile ni historia ya sayari iitwayo Elekton.

Huko Elekton yupo Trigo, kiongozi wa wahamaji wa Vorg, na ndugu zake Brag na Klud. Nchi yenye nguvu ya Loka inawashambulia majirani, na miongoni mwa wakimbizi anatokea Peric, msanifu majengo na mwanasayansi. Trigo anamwomba amjengee mji. Mji ule unakuwa makao ya himaya. Klud, kwa wivu, anamsaliti ndugu yake.

Ukiangalia picha utashangaa. Watu wamevaa kama Warumi wa kale na wana panga kiunoni, lakini juu yao vinapita vyombo vya kuruka, na silaha nyingine zinatoa miale. Ndiyo maana haiitwi bunilizi ya kisayansi tupu. Ni sayansi ya kubuni iliyochanganywa na mambo ya kale na ya ajabu. Sasa twende kwenye ubishi.

UBISHI WA KWANZA: TRIGAN YA NANI?

Lawrence aliichora kuanzia 1965 hadi 1976. Katika miaka hiyo wachoraji wengine, kama Ron Embleton na Miguel Quesada, waliingia mara mojamoja kumpokea. Alipoondoka, kazi ikaenda kwa Oliver Frey, kisha kwa Gerry Wood aliyekaa nayo hadi mwisho.

Kundi moja la wakusanyaji linasema Trigan ni Lawrence, basi. Kwao, kurasa za baada ya 1976 ni za kujazia kabati. Kundi la pili linasema Trigan ni mfululizo, na anayekusanya mfululizo anakusanya wote, mwenye mkono mzuri na mwenye mkono wa kawaida.

Hawa hawapingani juu ya ukweli wowote. Wote wanajua nani alichora nini na mwaka gani. Wanachotofautiana ni wanachokusanya. Mmoja anakusanya kazi za msanii, mwingine anakusanya hadithi. Ukiwaambia "wote mna ukweli" hujawasaidia. Waambie: mnatumia neno moja, Trigan, kwa vitu viwili. Huo ndio ugonjwa wa jina moja, na dawa yake ni kufafanua dhana kabla ya kujibu. Si ndiyo maana kila siku tunaambiwa tuanze na fasili?

UBISHI WA PILI: TOLEO LIPI LA KUNUNUA?

Mwaka 1978 kampuni ya Hamlyn ilitoa kitabu kikubwa chenye sehemu ya hadithi za mwanzo. Miaka ya 2000 Waholanzi wa Don Lawrence Collection wakatoa seti ya majuzuu 12 yenye jalada gumu, zilizochapishwa kwa uangalifu mkubwa na kwa nakala chache. Kuanzia 2020, kampuni ya Rebellion ya Uingereza ikaanza kutoa majuzuu ya jalada laini, kwa mpangilio tangu mwanzo wa hadithi.

Wapo wanaosema hakuna kinachoshinda kurasa za jarida lenyewe. Karatasi imezeeka, ndiyo, lakini hivyo ndivyo mtoto wa 1968 alivyoiona, kurasa mbili kila wiki, katikati ya makala za wanyama, injini na wafalme. Wengine wanaapa kwa seti ya Kiholanzi, kwa kuwa rangi zimepata haki yake. Lawrence alikuwa akipaka rangi kwa brashi, picha moja baada ya nyingine, na karatasi mbovu inaua kazi ya namna hiyo. Wengine wanasema bwana we, kitabu ambacho hakipatikani hakina faida, bora Rebellion.

Hapa tatizo ni vipimo. Wa kwanza anapima kwa historia, wa pili kwa ubora wa picha, wa tatu kwa upatikanaji. Kila mmoja ni mshindi kwenye uwanja wake. Jibu zuri la mtihani halitasema "yote ni matoleo mazuri." Litasema: kama lengo ni kuchunguza jinsi watoto walivyosomeshwa miaka ya 1960, chukua jarida. Kama lengo ni kusoma ufundi wa uchoraji, chukua juzuu la Kiholanzi. Kama ni kuisoma hadithi tu, na bumu ndiyo hiyo imeshakatika, chukua jalada laini. Hitimisho lenye masharti si woga, mradi masharti yenyewe yawe wazi.

UBISHI WA TATU: HADITHI NI NZURI AU INAJIRUDIA?

Wanaolalamika wana mifano ya kutosha. Trigo anapinduliwa, anarudi. Mtu mbaya anapata uvumbuzi wa hatari, Trigan inakaribia kuangamia, vijana wanaokoa jahazi. Baada ya wiki chache, tena. Wanaoitetea wanajibu kwamba hadithi iliandikwa kwa kurasa mbili kwa wiki, kwa mtoto ambaye huenda wiki iliyopita hakupata nakala. Lazima kila kipande kiwe na hatari yake.

Utetezi huu una nguvu, lakini angalia unafanya nini. Haukanushi kwamba hadithi inajirudia. Unaeleza kwa nini. Kueleza sababu ya kasoro si sawa na kuifuta. Nikikuambia foleni ya kafeteria ni ndefu kwa sababu mpishi ni mmoja, nimekueleza, lakini bado una njaa. Kwenye insha zetu tunachanganya sana mambo haya mawili, tukidhani tumeshinda hoja kumbe tumeitolea maelezo tu.

UBISHI WA NNE: HIMAYA

Huu ndio mzito. Katuni inamtaka mtoto aipende himaya. Trigo ni mfalme mwema, mji wake ni mzuri, na kwa kawaida makabila ya jirani yanafanya vizuri yakiwa chini yake au rafiki zake. Wanawake ni wachache, na mara nyingi wako pembeni. Baadhi ya wakusanyaji wanasema tusiiguse, ni hadithi ya kale ya watoto, isomwe kwa kipindi chake. Wengine wanasema kipindi chake ndicho hasa cha kuuliza.

Hebu tuweke tarehe mezani. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Katuni ilianza 1965. Yaani wakati watu wa huku kwetu wanashusha bendera ya Uingereza, mtoto wa Uingereza alikuwa akipewa kila wiki, ndani ya jarida la elimu, picha za himaya nzuri iliyojengwa upya kwenye sayari nyingine. Sisemi Butterworth alikusudia hivyo. Nia yake siwezi kuisoma kwenye picha. Ninachosema ni kwamba tarehe hizi mbili zinakaa pamoja, na msomaji ana haki ya kuziona.

Kauli ya "isomwe kwa kipindi chake" mara nyingi hutumika kufunga mjadala, wakati maana yake sahihi ni kuufungua. Kusoma kitu kwa kipindi chake ni kuuliza kipindi kile kilikuwa na nini. Mimi nasomea ualimu, na swali langu ni la darasani: kitabu hiki nitampa mwanafunzi wa kidato cha pili? Nitampa. Picha zake zitamvuta hata yule asiyependa kusoma. Ila nitampa pamoja na swali: kwa nini walioshindwa hawapewi nafasi ya kusimulia? Kuficha kitabu hakumfundishi mtoto kusoma, na kumpa kitabu bila swali kunamwacha njiani.

JAMBO AMBALO SI MAONI

Katika kelele hizi zote kuna jambo moja ambalo ni tukio, si suala la ladha. Kwa desturi ya katuni za Uingereza wakati ule, haki zote zilikuwa za mchapishaji. Mchoraji alilipwa kwa ukurasa, basi. Trigan ikatafsiriwa na kuuzwa katika nchi nyingine za Ulaya, Uholanzi ikiwemo, na fedha zile hazikumfikia Lawrence. Mwaka 1976, kwenye mkutano wa wapenzi wa katuni London, ndipo alipotambua jinsi kazi yake ilivyokuwa ikiuzwa nje. Akaomba malipo bora, akakataliwa, akaacha kazi. Waholanzi wakampokea, na huko akachora mfululizo wa Storm, uliompa heshima kubwa kuliko aliyoipata kwao.

Sasa rudi kwenye ubishi wa kwanza. Mkusanyaji anayesema "picha zilishuka baada ya 1976" anasema kweli kwa maoni yake, lakini mara nyingi anaishia hapo, kana kwamba kipaji kilikauka chenyewe kama kisima. Hakikukauka. Kilihama, kwa sababu hakikulipwa. Ukilijua hilo, lawama inahama kutoka kwa Frey na Wood, waliopewa viatu vya mtu mwingine, inakwenda kwa mfumo uliomwacha mwenye viatu aondoke. Hii ndiyo kazi ya tukio ndani ya mjadala. Halimalizi maoni, linayapanga upya.

Na tusidhani ni habari ya Ulaya peke yake. Humu chuoni kuna watu wanachora mabango, wanabuni nembo za vikundi, wanaandika maigizo, halafu wanalipwa soda na "asante sana mzee". Kabla ya kukabidhi kazi, uliza: itatumika wapi, mara ngapi, na jina langu litakaa wapi?

HATUA NNE ZA KUBEBA MTIHANINI

Kwanza, uliza kama wanaobishana wanazungumzia kitu kimoja. Kama sivyo, fafanua dhana.

Pili, taja kipimo cha kila upande kwa jina lake: historia, ubora, upatikanaji, maadili.

Tatu, tenga matukio na maoni. Tukio lina mwaka na mahali. Weka matukio mbele, kisha uone ni maoni yapi bado yamesimama.

Nne, chagua. Sema uko wapi, kwa kipimo kipi, na kwa masharti gani.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Mtu anasema: "Anayemiliki majuzuu ya Lawrence tu hajaimiliki Trigan." Kauli hii ni tukio, kipimo, au fasili? Eleza.

2. Je, kujua jinsi msanii alivyolipwa kunapaswa kubadili thamani tunayoipa kazi yake, au kunabadili tu lawama zetu?

3. Chagua kitabu kimoja cha hadithi ulichosoma sekondari. Andika swali moja ambalo mwalimu wako angeliuliza, mngekisoma kwa jicho jingine.

Swali la tatu msilidese kwa jirani. Kila mtu alikuwa na mwalimu wake.