Bosi, Ujira na Ulimi: Somo Nililolipata Nateete

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu msomaji, kila likizo ndefu inapokaribia, wengi wetu huanza kuulizana wapi kuna kibarua. Ada haijatimia, kodi ya chumba inadaiwa, na nyumbani wanatarajia tujitegemee kidogo. Likizo iliyopita nilipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nateete, kando ya barabara ya Masaka. Muhula uliotangulia nilikuwa nimesoma mlango wa ijara katika fiqhi na kufaulu vizuri. Nilipofika dukani ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeshika nusu tu ya mlango ule, yaani nusu inayomhusu bosi.

Yaliyotokea

Mwenye duka tulimwita Hajji. Kazi yangu ilikuwa kuandika mzigo unaotoka stoo na kusaidia kaunta. Tulikubaliana kwa mdomo shilingi 10,000 kwa siku, malipo kila Jumamosi. Saa ya kutoka hatukuitaja. Wala hatukusema nani atalipa bidhaa ikiharibika.

Wiki mbili za kwanza alilipa. Ya tatu akasema wateja wake hawajalipa, tusubiri. Lori la saruji lilipoingia jioni, tulipakua mpaka Isha bila nyongeza. Siku moja mfuko ulipasuka, na bei yake ikakatwa kwenye ujira wangu ingawa sikuugusa. Wakati huohuo mwenzetu wa kaunta, ambaye ni mpwa wa Hajji, alikuwa akifika saa nne asubuhi, simu mkononi, na hakuna aliyemuuliza.

Jioni tulikuwa tukikaa kwa kijana anayepika rolex karibu na stendi ya teksi. Mazungumzo yalianza na ujira wetu, lakini hayakuishia hapo. Yalifika kwenye ugomvi wa Hajji na mkewe, madeni yake, na mtoto wake aliyefeli mtihani. Mimi, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote. Niliweza hata kumwigiza sauti, na wenzangu wakacheka mpaka chai ikawamwagika.

Maneno yale yakamfikia. Hajji akamshuku mpakiaji wetu, kaka mmoja wa makamo mwenye watoto wanne, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amemdai ujira wake mbele ya wateja. Akamwambia asirudi tena. Kaka yule hakuwahi kukaa nasi pale kwenye rolex. Kazi ikiisha alikuwa akiwahi Magharibi msikitini.

Nilijua ukweli, nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilishindwa kula. Nikaingia katika kiofisi cha Hajji nikasema, "Hajji, maneno yale ni yangu. Kaka hakuwepo."

Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kumbe ni wewe, shehe? Wewe unayetuswalisha Adhuhuri hapa stoo?"

Sikuwa na jibu. Mambo manne yanayofuata nimeyapanga baada ya siku ile.

Kwanza: makubaliano yawe wazi

Katika Suratul Qasas, aya ya 25 hadi 28, Nabii Musa (A.S.) anafika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Anaajiriwa na mzee mmoja. Tazama jinsi walivyokubaliana: muda ni miaka minane, na kumi ni hiari ya Musa. Mwajiri anatamka kwamba hataki kumtia mwenzake katika mashaka. Musa naye anasema wazi kwamba akitimiza muda wowote kati ya hiyo miwili asidaiwe zaidi, na wanamfanya Allah kuwa shahidi. Mtu aliyekuwa na shida kubwa kuliko yetu hakuona aibu kutaja masharti.

Wanazuoni wa fiqhi wameshurutisha kwamba katika ijara ujira ujulikane, na kazi au muda wake ujulikane. Sababu yake niliiona Nateete. Tulichonyamazia siku ya kwanza ndicho tulichogombania wiki ya tatu.

Hapa Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha lakini Rais hakuutia saini. Kwa hiyo ukiingia kazini bila kutaja kiasi, kima hicho hakitakusaidia kitu. Hata hivyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi ndani ya wiki 12, na imeweka saa 48 kwa wiki kuwa kipimo cha kawaida cha kazi. Usione haya kuuliza. Ukishindwa kupata karatasi, andika makubaliano katika ujumbe wa simu na umtumie bosi wako kwa adabu.

Pili: mizani ina pande mbili

Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaotaka kujaziwa kipimo wanapopokea, na wanaopunguza wanapowapimia wengine. Tumezoea kuisoma tukiwafikiria wauza sukari. Mimi niliisoma upya nikijifikiria mwenyewe.

Mafakihi hutofautisha ajiri aliyeajiriwa kwa muda na yule aliyeajiriwa kwa kazi maalumu, kama fundi cherehani anayeshona nguo za watu wengi. Mimi nilikuwa wa kwanza, maana nililipwa kwa siku. Wakati wangu wa kazi ulikuwa haki ya Hajji, isipokuwa wa Swala na mahitaji ya lazima. Lakini nilikuwa nikimaliza Adhuhuri, nabaki juu ya mkeka nusu saa nzima nikijibu ujumbe wa WhatsApp. Nilimlaumu mpwa wake kwa simu ileile niliyokuwa nayo mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakujificha nyuma ya Swala.

Binti wa yule mzee wa Madyan alipopendekeza Musa aajiriwe alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Bosi dhalimu hatuondolei sifa ya pili. Ukiona hawezi kutendewa uaminifu bila wewe kuumia, acha kazi kwa wema, lakini usibaki ukiiba dakika.

Tatu: ujira ni deni zito

Nisije nikaeleweka kwamba namtetea Hajji. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Katika Sahih Bukhari imekuja hadithi qudsi inayowataja watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira. Ametajwa pamoja na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wateja kutolipa si hoja ya kumnyima mpakiaji, kwa sababu mpakiaji hakufanya biashara nao. Na mfuko uliopasuka hauwezi kukatwa kwa mtu ambaye hakuufanyia uzembe.

Nne: lalamiko si usengenyaji, na usengenyaji si lalamiko

Hapa ndipo nilipoanguka. Mtume (S.A.W.) ameeleza, kama alivyopokea Muslim, kwamba kumsengenya ndugu yako ni kumtaja kwa jambo analolichukia, hata kama analo. Kama hana, huo ni uzushi. Kwa hiyo kusema "lakini ni kweli" hakukuniokoa.

Je, mwenye kudhulumiwa anyamaze tu? Hapana. Suratun Nisaa aya ya 148 inaeleza kwamba Allah hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha inamtoa aliyedhulumiwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Riyadhus Salihin hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa. Nne kati ya hizo zinamhusu sana mfanyakazi: kumshitaki aliyekudhulumu kwa mwenye uwezo wa kukupatia haki, kuomba msaada wa kuondoa ovu, kuuliza fatwa, na kumwonya anayetaka ushauri, kama mwenzako anayekuuliza iwapo aende kufanya kazi pale ulipotoka.

Ushahidi mmojawapo ni Hind bint Utba, aliyemweleza Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili na hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Mtume hakumkemea. Alimruhusu achukue kinachowatosha kwa wema. Angalia alisema nini na alimwambia nani: alitaja haki yake tu, na alimwambia anayeweza kutoa hukumu.

Mpika rolex hakuweza kunilipia ujira wangu. Na ugomvi wa nyumbani kwa Hajji haukuwa na uhusiano wowote na Jumamosi tatu alizonidai subira.

Njia ya kufuata

Andika tarehe, saa na fedha unazodai. Zungumza na bosi faragha, si mbele ya wateja. Akikataa, mwombe mtu anayemheshimu aingie kati, kama imamu au mzee wa mtaa. Ikishindikana, mpelekee malalamiko ofisa wa kazi. Kwa Kampala utaanzia katika ofisi za KCCA. Asiporidhika mmoja wenu, suala linaweza kufika Mahakama ya Viwanda. Kufuata njia hii si utovu wa adabu kwa Muislamu mwenzako. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika Bukhari, kumnusuru ndugu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na dhalimu hunusuriwa kwa kuzuiwa.

Mwisho wa kisa

Nilimwomba Hajji msamaha kwa ulimi wangu. Kisha, siku iliyofuata, nikarudi na daftari langu nikamdai siku zangu. Rafiki yangu mmoja aliona ajabu: unaombaje msamaha na kudai kwa mtu yuleyule? Lakini kosa lake halikuuhalalisha usengenyaji wangu, na usengenyaji wangu haukulifuta deni lake. Alilipa nusu. Nusu iliyobaki ilipatikana baada ya imamu wa msikiti wetu kuzungumza naye. Mfuko wa saruji hakuurudisha, nami nimeuacha.

Kaka mpakiaji aliitwa kazini baada ya siku tano. Nilikwenda kwake na shilingi 75,000, ujira wa siku zile tano aliozikosa kwa sababu yangu. Alizihesabu, akasema, "Mdogo wangu, hizi nazipokea kwa kuwa ni za watoto. Lakini zile siku mbili ulizonyamaza ndizo zilizoniuma." Bado namwombea dua, na kila nikipita Nateete namsalimu.

Ndugu zangu, wengi wetu baada ya miaka michache tutakuwa mabosi. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi na hakuwahi kusikia kutoka kwake hata neno la kuudhika. Tuanze kujizoeza sasa.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Ni mambo gani hukuyataja siku ulipoanza kazi, na ungeyatajaje leo?
2. Mwenzako akianza kumlalamikia bosi wake mbele yako, utajuaje kama anatafuta haki au anasengenya?
3. Kama maneno yako yamemponza mtu, ni kipi unachodaiwa zaidi ya kuomba msamaha?

Allah atupe riziki ya halali, atulinde na dhulma ya mikono na ya ndimi zetu. Amin.